Krapf wa Rabai na Swali la Kuokoka

Walimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kikristo, na hata wenzao wa Kiswahili, hukabiliwa mara kwa mara na swali ambalo halimo katika silabasi. Mwanafunzi husimama akataka kujua: kati ya kutubu, kuamini, kuzaliwa mara ya pili, kuhesabiwa haki na kutakaswa, lipi hutangulia na lipi hufuata? Na je, mtu asiyeweza kutaja siku aliyookoka, ameokoka kweli? Huko Kabazi, katika eneo la Subukia, swali hili si la nadharia hata kidogo. Makanisa ya madhehebu mbalimbali yamesimama karibu karibu kuanzia barabarani hadi mashambani, na katika nyumba moja waweza kumpata ndugu aliyebatizwa angali mchanga na kulelewa kanisani, na nduguye anayemwambia kwamba ubatizo huo haukuwa kitu kwa sababu ulitangulia imani. Watu wameacha kuzikana kwa ajili ya mambo haya.

Mimi ni mwanaisimu, si kasisi, na sina nia ya kuwaamulia wanatheolojia. Hata hivyo, maneno yanayogombaniwa ni maneno ya Kiswahili, nayo yana historia. Mtu mmoja aliyeyahangaikia mapema kuliko wengi, na kuyaandika kwa herufi za Kirumi tunazozitumia leo, ni Johann Ludwig Krapf. Vitabu vya shule humtaja kwa sababu ya mlima. Laiti vingemtaja pia kwa sababu ya jambo lililomtoa kwao.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya kusini magharibi mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, naye akaugua kwa muda wa miezi sita. Katika ugonjwa huo ndipo alipozama katika kusoma Biblia. Baadaye alipelekwa shule, akajifunza Kilatini na Kiyunani, na ikabainika upesi kwamba lugha zilimwingia kwa wepesi usio wa kawaida.

Yafaa tuelewe aina ya Ukristo uliomlea. Württemberg ilikuwa kitovu cha vuguvugu la Wapietisti, ambao chanzo chao ni kitabu alichokitoa Philipp Jakob Spener mwaka 1675. Wapietisti walikuwa Walutheri waliochoshwa na dini ya mazoea. Walisema kwamba kujua mafundisho sahihi hakutoshi, kwamba lazima moyo ugeuke. August Hermann Francke, mwanafunzi wa Spener kwa namna fulani, alisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyogeuka mwaka 1687 baada ya mapambano makali ya nafsi, na masimulizi yake yakawa kigezo kwa wengi waliomfuata. Hatari ya kigezo ni kwamba huzaa kipimo. Kilichokuwa ushuhuda wa mtu mmoja kikaanza kutumiwa kuwakagua wengine.

Katika karne ya 18 wanatheolojia wa Kilutheri wa Ujerumani walilipa jambo hili jina la Kilatini, ordo salutis, yaani utaratibu wa wokovu. Waliorodhesha hatua: kuitwa, kuangazwa, kuongoka, kuzaliwa upya, kuhesabiwa haki, kuunganishwa na Kristo kwa siri, kutakaswa, na mwishowe kutukuzwa. Si kwamba waliyatunga hewani. Mtume Paulo, katika sura ya nane ya Waraka kwa Warumi, anafuatanisha vitendo vya Mungu kama pete za mnyororo, tangu kuchagua hadi kutukuza. Lakini Paulo hakuweka saa kati ya pete na pete.

Mwaka 1827 Krapf, akiwa kijana wa miaka 17, aliingia chuo cha wamisionari cha Basel, nchini Uswisi. Huko alikutana na maandishi ya Jakob Böhme, fundi viatu wa Kijerumani aliyeandika mambo ya siri ya roho, na ya Madame Guyon, mwanamke Mfaransa aliyefundisha njia ya kunyamaza kabisa mbele ya Mungu hadi nafsi iungane naye. Maandishi hayo yalimteka. Yalimfanya atilie shaka wito wake, akaacha chuo na kurudi kwao. Alisomea theolojia Tübingen, akahitimu mwaka 1834, na kwa muda akawa msaidizi wa mchungaji vijijini.

Watu waandikao habari za Krapf huupita upesi mkasa huu, kana kwamba ulikuwa homa ya ujana. Mimi nauona kuwa ndio kiini. Kijana huyu alikuwa amelikuta swali lile lile la wanafunzi wetu, ila kwa upande wake mwingine: ikiwa shabaha ni kuwa na Kristo, je, mtu aupande mlima ngazi kwa ngazi mpaka afike kwenye muungano huo, au muungano ndio mwanzo na mengine yote hutoka ndani yake? Madame Guyon alimvutia upande wa kutulia. Maisha yake yaliyofuata yalikuwa safari mfululizo, na nyingi zilikuwa za miguu.

Mmisionari mmoja wa Basel alimshawishi aufufue wito wake, na mwaka 1837 alisafiri kwenda Uhabeshi chini ya CMS, Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, ambacho siku hizo kilitegemea sana Walutheri wa Kijerumani. Sitakawia huko. Alifukuzwa Tigray mwaka 1838, akaishi Shoa kwa mfalme Sahle Selassie kuanzia 1839 hadi 1842, akajifunza Kioromo, na kukusanya miswada ya kale. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich nchini Misri. Bibi huyu alikuwa amemposwa na mmisionari mwingine ambaye alifariki akiwa safarini. Njia ya kurudi Uhabeshi ilipofungwa, na mtoto wao wa kwanza akafa muda mfupi baada ya kuzaliwa nyikani, waligeukia kusini.

Walifika Unguja tarehe 7 Januari 1844. Sayyid Said aliwapokea kwa heshima, akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni mwaka uo huo Krapf aliketi na Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa, wakaanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Msomaji na atafakari jambo hilo. Mlutheri mpietisti aliyeajiriwa na Waanglikana, na kadhi Mwislamu mwenye asili ya Barawa, wakitafuta pamoja maneno ya kueleza jinsi Mungu alivyoumba mbingu na nchi.

Mwezi mmoja baadaye msiba ukaja. Rosine alijifungua binti, homa ikamshika, naye akafa tarehe 13 Julai 1844. Mtoto alimfuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Katika saa zake za mwisho Rosine aliwaombea watu wa pwani na mtawala wao, akataka azikwe bara ili kaburi lake liwakumbushe wapitao kilichomleta. Alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi lipo hadi leo. Mumewe aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi imeanza. Wapo wanaoona ushupavu usio na huruma katika maneno hayo. Sikubaliani nao. Mtu aliyeamini kwamba kifo hakiwezi kumtenga mkewe na Kristo hakuwa na lugha nyingine ya kuandikia.

Sasa turudi kwenye maneno. Lugha aliyoikuta Krapf ilikuwa imekwisha kufundishwa dini kwa karne nyingi. Toba, imani, dhambi, rehema, neema, haki: yote hayo yalikuwa maneno ya Waislamu wa pwani yenye asili ya Kiarabu, na Mkristo aliyetaka kueleza wokovu hakuwa na budi kuyaazima. Krapf hakulipenda sana jambo hilo. Aliogopa kwamba kutumia herufi za Kiarabu kungeupa Uislamu nguvu, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kushikilia herufi za Kirumi. Hilo ni doa, tena lisilo dogo, kwa mtu aliyesaidiwa na kadhi. Hata hivyo maneno yenyewe hayakung'oka, na yalibeba maana zake za kale.

Mathalani, neema. Kwa mkulima wa Kabazi, mwaka wa neema ni mwaka ambao mvua imenyesha na ghala zimejaa. Akiambiwa ameokolewa kwa neema, anasikia kwanza utele usioweza kununuliwa, jambo ambalo liko karibu sana na maana aliyoikusudia Paulo. Neno haki lina ugumu zaidi. Mwanafunzi anaposikia kuhesabiwa haki, hufikiri kwamba amepewa haki zake, kama mfanyakazi aliyedai mshahara. Maana inayokusudiwa ni kinyume chake: asiye na cha kudai anahesabiwa kuwa mwadilifu kwa sababu ya mwingine. Walimu wapendwa, hapo ndipo pa kusimama darasani, kabla ya kujadili hatua gani hutangulia ipi.

Lakini neno lenye mtego mkubwa kuliko yote ni ushirika. Vijijini kwetu ushirika ni chama cha kuuza maziwa au kahawa, ambapo kila mwanachama ana hisa yake na hugawana faida mwisho wa mwaka. Kwa sikio la Mwislamu, mzizi uo huo umezaa shirki, dhambi kuu ya kumshirikisha Mungu na viumbe. Kwa hiyo Mkristo anaposema ana ushirika na Kristo, Mwislamu husikia hatari, na mwanachama wa ushirika husikia hisa. Paulo hakusema lolote kati ya hayo. Yeye alipendelea maneno mawili mafupi ya Kiyunani ambayo Biblia zetu huyafasiri kwa kusema katika Kristo au ndani ya Kristo. Si makubaliano ya kugawana faida. Ni kuwamo.

Tarehe 10 Juni 1846 Johannes Rebmann, kijana mwingine wa Württemberg, aliwasili Mombasa. Tarehe 25 Agosti walihamia Rabai Mpya, wote wawili wakiwa na homa, Krapf akiwa hajiwezi hata ikabidi apande punda. Walijenga nyumba, wakafundisha, wakangoja. Injili ya Luka katika lugha ya Rabai ilichapwa Bombay mwaka 1848, na Injili ya Marko katika Kikamba ikafuata mwaka 1850. Vitabu vilikuwako. Waumini hawakuwako.

Aliyeitika mapema alikuwa Mringe, maskini aliyekuwa kiwete. Wakati wengine waliuliza watapata nguo au mchele gani, yeye alitaka kusikia habari za Kristo, na Krapf aliketi naye mara nyingi. Mringe alipokaribia kukata roho, Rebmann alimbatiza, naye akafa. Huyo ndiye tunda la kwanza la Rabai.

Je, utaratibu wa wokovu ulifuatwaje kwa Mringe? Hakupata muda wa kutakaswa kwa miaka, hakuhudhuria madarasa ya ukatekumeni kwa mpango, hakushuhudia mbele ya umati. Ukiichukua ile orodha ya Wajerumani kama ngazi, Mringe alifia kwenye kipandio cha chini. Hapo Yohane Calvin, Mfaransa aliyefundisha Geneva, angekuwa na jibu. Katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu, la mwaka 1559, Calvin alifundisha kwamba yote aliyoyatenda Kristo hayamfai mtu maadamu Kristo yuko nje yake. Imani humuunganisha mtu naye, na kutoka katika muungano huo mtu hupokea kwa pamoja neema mbili zisizotengana: kuhesabiwa haki na kufanywa upya. Walutheri waliomlea Krapf waliuweka muungano baada ya kuhesabiwa haki. Calvin aliuweka kwenye mzizi.

Mkulima anayepandikiza miparachichi anaelewa tofauti hiyo bila Kilatini. Kijiti kikishika kwenye shina, utomvu hupanda, majani hutoka, matunda huja kwa wakati wake. Mtu hawezi kusema kwamba jani lililochelewa linathibitisha kuwa kijiti hakikushika siku ile. Lakini pia kijiti kilichofungwa tu kwa kamba, kisichoshika, hakitatoa jani hata kikikaa miaka kumi. Wanaodai tarehe wanaogopa kamba bila kushika, na hofu yao ina msingi. Wanaokataa kuulizwa tarehe wanajua kwamba kushika hutokea ndani ya gome, pasipoonekana. Wakatoliki, ambao kila mwaka hupanda kwa maelfu kwenye madhabahu ya Bikira Maria huko Subukia, husema kwamba kushika huko huanzia kwenye ubatizo. Si wengi wanaojua kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, baada ya karne karibu tano za kushutumiana.

Habari za milima nitazipitia mbio, kwani zinajulikana. Rebmann aliiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui, kwa msaada wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Wataalamu wa Ulaya waliketi vitini mwao wakakana kwamba theluji inaweza kuwapo kwenye ikweta. Safari ya pili ya Ukambani, mwaka 1851, nusura imuue: Kivoi aliuawa karibu na mto Tana, msafara ukatawanyika, na Krapf akatangatanga peke yake akila majani na kubeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kurudi Ulaya.

Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilikuwa kimetoka Tübingen mwaka 1850. Na sarufi, naomba msomaji anivumilie, ina la kusema katika ugomvi wetu. Kiswahili kina jozi za vitenzi kama pasua na pasuka, ng'oa na ng'oka, ongoa na ongoka, okoa na okoka. Umbo la pili humweka mtendaji pembeni. Mti umeng'oka: nani kaung'oa? Sentensi haisemi. Okolewa, kwa upande mwingine, humdai mtendaji. Anayesema nimeokolewa amebakisha nafasi ya kumtaja aliyemwokoa. Anayesema nimeokoka ametaja hali yake mwenyewe, na ni rahisi, asipojihadhari, hali hiyo ikawa cheo.

Fauka ya hayo, kiambishi -me- pamoja na vitenzi vya aina hii huonyesha hali iliyopo sasa. Amelala, amesimama, amevaa, ameokoka. Hatumwulizi mtu aliyesimama mbele yetu alisimama saa ngapi ili tuamini kwamba amesimama. Kiyunani cha Agano Jipya nacho hutumia kitenzi cha kuokoa katika nyakati zote: waliokwisha kuokolewa, wanaookolewa, watakaookolewa. Swali la umeokoka lini huchukua njeo ya hali na kuilazimisha iwe njeo ya tukio.

Swali hilo lilienea kwetu kwa nguvu zaidi kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na Uganda, na kufika Kabete mwaka 1937. Ingekuwa dhuluma kuudharau. Uamsho uliwakutanisha Waafrika na wazungu kama ndugu wakati ambapo ukoloni uliwatenganisha, na wakati wa Mau Mau baadhi ya wafuasi wake walikufa kuliko kula kiapo. Walijifunza kuungama hadharani na kwenda nuruni. Lakini jinsi ilivyokuwa kwa Francke, ushuhuda ukageuka kipimo, na wengine waliojiita ndugu wakawakatia wenzao tikiti ya kutokea mlangoni.

Krapf alirudi Afrika Mashariki mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, na mwaka 1867 akaandamana na jeshi la Waingereza kwenda Uhabeshi kama mkalimani, akashindwa na ugonjwa. Siku nyingine zote aliishi Korntal, mji wa Wapietisti karibu na Stuttgart. Mwaka 1875 Rebmann naye alirejea huko kutoka Rabai, baada ya miaka 29, akiwa kipofu. Wazee hao wawili waliishi tena kama majirani hadi Rebmann alipofariki mwaka 1876.

Krapf alifariki Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapwa London mwaka uliofuata, ikiwa imejaa Kimvita cha Mombasa ambacho Askofu Steere wa Unguja na warithi wake hawakukifuata. Biblia nzima kwa Kiunguja ilitoka mwaka 1891, na ile ya pamoja, iliyotumiwa na wengi wetu tangu utotoni, mwaka 1952. Mwanafunzi akitaka kujua neno okoa lilisikikaje midomoni mwa watu wa Mombasa kabla ya mahubiri ya Uamsho, aifungue kamusi hiyo, akianzia herufi ya O.